Namba za Chaki

Bwana yangu alikuwa amefungua moteri ya gari yake ya zamani, ile ndogo ya mbio, akapanga vyuma vyote juu ya mukeka katika salon ya nyumba yetu, hapa Bigo. Kila chuma alikiandikia namba kwa chaki, ajue kitarudi wapi. Kisha akafa ghafla.

Siku ya matanga, wamama majirani walitoa viti inje ili watu wakae chini, kama kawaida yetu. Vyuma wakavitia katika beseni, wakaviosha na sabuni.

"Mama, tumekusafishia," wakasema.

Niliwafokea mbele ya wageni wote. Moteri, fundi mwingine angeifunga tu. Lakini mwandiko wake wa mwisho ulikuwa mule ndani ya maji machafu, na sikukubali mtu ayamwage.