Kanzu Niliyoipeleka Dutumi

Nilitoka nyumbani Kisarawe kwenda Dutumi kwa sababu moja: kumrudisha mdogo wangu Yohana aje aongoze kanisa letu. Mzee aliyekuwa akituongoza alikuwa amepoteza nuru ya macho, na wazee wenzake walikubaliana kwamba Yohana akifika kabla ya sikukuu ya mavuno, nafasi ni yake. Asipofika, wangemtafuta mwingine.

Ninyi mnaonifahamu mnajua jinsi jambo hilo lilivyonigusa. Baba na mama walipofariki kwa kufuatana nilikuwa darasa la pili. Niliacha shule nikashika jembe, Ana mdogo wetu wa mwisho nikambeba mgongoni, na Yohana akaendelea kusoma. Alimaliza darasa la nne, akapelekwa Dutumi kuwa mwalimu wa kanisa. Kila nilipochoka shambani nilijiona nimekaa benchi la mbele, naye amesimama mbele ya watu akisoma Neno. Nilijifariji hivyo miaka mingi.

Nilimshonea kanzu ya bafta, kitambaa cheupe cha pamba, kwa mkono wangu. Sikuwa na kipimo chake, lakini tangu utoto sisi wawili tulikuwa kimo kimoja. Nikaikata kwa kipimo cha mwili wangu mwenyewe.

Alfajiri ya Alhamisi niliondoka pamoja na mzee Salehe, jirani yetu, mkulima na muuza mikeka. Alikuwa akienda Mlandizi kumwona binti yake aliyejifungua. Tulishuka vilima vya Kisarawe umande ukiwa bado majanini, yeye mbele na mkeka wake begani, mimi nyuma na kifurushi kifuani.

"Mwanangu, hicho kifurushi unakibeba kama kichanga," akasema bila kugeuka.

"Ni kanzu ya Yohana, baba."

"Ameiomba?"

"Hajaiomba. Lakini ataifurahia."

"Haya. Mimi nampelekea binti yangu mkeka. Yeye ameuomba."

Nilicheka, naye akacheka. Hatukulizungumza tena.

Jua lilipokuwa kali tulipita katikati ya mashamba ya mkonge ya Kibaha. Mistari ya mkonge imenyooka hadi macho yanachoka, na harufu ya majani yaliyopondwa inakaa kooni. Mzee Salehe alisali adhuhuri chini ya kivuli cha kibanda cha wakata mkonge, mimi nikilinda mizigo. Tulipofika barabara kuu ya Morogoro tukapata lori lililobeba magunia ya chumvi. Dereva alituambia tupande juu na tushike kamba. Vumbi jekundu lilitupaka sote wawili. Kanzu niliifunga ndani ya khanga mbili, nayo haikupata hata chembe.

Mlandizi tulipokewa vizuri. Binti wa mzee Salehe alinipa bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu, akanitandikia ule mkeka mpya. Nilikataa. Akasema mgeni ndiye anayeuzindua. Ijumaa nilikaa nao, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba.

Jumamosi asubuhi nilishika njia ya Dutumi peke yangu. Ni nchi tambarare, mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na mikondo midogo ya maji inayovukwa kwa miguu. Nilimkuta mama mmoja anatwanga, nikamuuliza nyumba ya mwalimu.

"Mwalimu yupi, dada? Mwalimu, au Mwalimu Yohana?"

Sikuelewa. Nikamwambia Yohana. Akanielekeza kanisani.

Kanisa lenyewe ni la miti na udongo, limeezekwa makuti. Yohana alikuwa amepiga magoti ndani, anasawazisha sakafu kwa udongo laini. Aliponiona alisimama upesi, na kwa kuwa viganja vilikuwa na matope, akaninyooshea kifundo cha mkono.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Mbona wewe ndiye unayesiriba?"

"Kesho kuna ubatizo," akajibu, kana kwamba hilo lilitosha.

Jioni niliambiwa yote. Misheni ilikuwa imemleta mwalimu mpya, kijana aitwaye Danieli, aliyemaliza chuo. Yeye ndiye aliyehubiri na kuongoza. Yohana, aliyelijenga kanisa lile kwa mikono yake tangu nguzo ya kwanza, sasa alifagia, akapiga kengele, akafundisha watoto kuimba, akatembelea wagonjwa. Nilisikiliza nikiwa nimeuma meno. Kisha nikafungua kifurushi.

Yohana alinawa mikono mara mbili kabla ya kuigusa kanzu. Akaivaa. Ilimkaa kama ngozi yake.

"Umenipimaje, dada?"

"Nimejipima mimi."

Alifurahi, na mimi nikafurahi zaidi. Nikamwambia aivae kesho, na baada ya ibada nitamweleza kilichonileta. Kengele za nyumbani nilikwisha kuzisikia masikioni.

Jumapili, watu walipokwisha kukaa, Mwalimu Danieli aliingia akiwa ameivaa kanzu yangu. Ni kijana mrefu kama mnazi. Kanzu ilimwishia chini kidogo ya magoti, na mikono yake ilitokeza hadi karibu na viwiko. Yohana alikuwa mkekani karibu na mlango, na shati lake la siku zote, ameshika ndoo ya maji ya ubatizo.

Baada ya ibada, tulipotoka nje, Mnyamwezi mmoja aitwaye Maganga alinijia. Alikuja zamani kukata mkonge Kibaha, akaoa na kubaki Dutumi.

"Dada wa Kizaramo," akasema kwa sauti watu wote wasikie, "kwenu bafta imeadimika? Umemshonea mwalimu wetu kanzu ya kuvukia mto."

Watu wakacheka. Sisi na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi hajui kanzu, anajua kaniki nyeusi tu. Wakacheka tena. Lakini ndani nilikuwa naungua.

Mchana nilimkabili Yohana nyuma ya nyumba.

"Kanzu yangu imefikaje mwilini mwa yule?"

"Ya kwake imechanika mgongoni, dada. Akigeuka kuomba, watoto wanacheka. Na leo alikuwa anabatiza. Samahani, nilitakiwa kukuuliza."

Nikamweleza habari za nyumbani: nafasi ipo, wazee wanamsubiri, afunge mizigo tuondoke. Akachora udongoni kwa kijiti.

"Dada, Danieli alipofika, watu hawakumtaka. Jumapili ya kwanza walikaa nje, wakasema wanamsubiri mwalimu wao. Nikaingia nikakaa mkekani mbele yake, nikamsikiliza. Wakaanza kuingia mmoja mmoja. Nikiondoka leo watasema amenifukuza, naye hatadumu hapa."

"Na wewe unabaki na nini?"

"Nina nyimbo za watoto. Nina wagonjwa wangu. Sijakosa kitu, dada. Nilidhani nitaumia. Niliumia kidogo mwanzoni, nikaomba, ikaisha."

"Hujakosa kitu," nikasema. "Na mimi je? Basi shule niliiacha bure."

Aliinamisha kichwa. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na machozi.

"Wewe ndiye mama yangu. Ukiniamuru, nitakuja. Sitanung'unika."

Nilijua anasema kweli. Neno moja tu lingetosha, naye angenifuata hadi Kisarawe, angesimama mbele, nami ningekaa benchi langu. Lakini niliikumbuka ile ndoo ya maji mikononi mwake asubuhi. Aliishika kwa furaha, na furaha ile sikuwahi kuiona kwake wala kwangu. Sikumwamuru. Ila pia sikumwambia akae kwa amani. Niliingia ndani kufunga mizigo yangu.

Jumatatu alinisindikiza hadi kwenye mkondo wa mwisho. Alinibebea mzigo, akauvusha kwanza, akarudi kunishika mkono. Ng'ambo alisubiri kidogo, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Nikamwambia tu, "Msalimie mwalimu wako." Akaitikia, akageuka, akavuka maji.

Mlandizi mzee Salehe aliniuliza, "Hukumpata?"

"Nimempata."

"Hajambo?"

"Hajambo kuliko mimi, baba."

Hakuniuliza zaidi. Tulirudi kwa miguu, njia ya porini inayotokea Vihingo.

Nyumbani niliwaambia wazee kwamba Yohana ana kazi asiyoweza kuiacha. Walimchagua mwingine, mtu mwema. Nami nilikaa siku nyingi na swali moja: nani kati yetu alikuwa amesoma? Mimi nilidhani Mkristo bora ni yule aliyefika mbele. Mdogo wangu alikuwa ameridhika mkekani, na kwa kushuka kwake mwenzake akasimama na kanisa zima likabaki pamoja. Kazi ile haionekani ukiwa benchi la mbele.

Siku moja Maganga alipopita kwetu kuuza samaki wakavu, nilimsimamisha. Nikamtaka anionyeshe mwalimu Danieli anafika wapi. Akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, nikapima kwa uzi nikafunga fundo. Alitania kwamba bafta yote ya Kisarawe itaishia kwa mtu mmoja. Nilimshonea Danieli kanzu inayofika vifundoni, ili ile fupi imrudie Yohana. Maganga alipopita tena nikampa, na maneno haya: "Mwambie Yohana dada yake anasema, kaa kwa amani."

Baadaye Maganga aliniambia kwamba Yohana anaivaa kanzu yake kila Jumapili, pale pale karibu na mlango, na kwamba aliposikia maneno yale aliomba ayarudie. Maganga akayarudia.

Nashukuru yalifika. Lakini yalifika kwa kinywa cha mtani, miongoni mwa mizaha na harufu ya samaki. Yohana aliyangoja kwangu, ng'ambo ya ule mkondo, mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wake.