Kwenye Gemu Hakuna Majani

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo ni ya breki, ila si breki za gari la kweli. Ni zile za kwenye runinga: kwiiii, ndefu, inakwangua masikio, halafu kishindo cha gari kugonga ukuta, halafu watoto wote kwa pamoja, "Anza upya! Anza upya!" Ilianza asubuhi nikifungua banda, ikanyamaza jioni nikifunga, na hata usingizini niliisikia.

Banda lilikuwa la mjomba wangu, kaka yake mama, pale mjini, mtaa wa Msamala. Chumba kimoja cha tofali, bati juu, dirisha moja la nondo, runinga tatu na mabenchi. Ukutani kwa nje alimwita fundi akachora gari jekundu na maneno: GEMU ZA MAGARI, MTOTO AJUE UDEREVA MAPEMA. Wazazi waliyapenda hayo maneno. Mama mmoja muuza mihogo alimleta mwanawe akaniuliza, "Eti binti, kweli hii inawafundisha?"

"Inawafundisha, mama," nikamjibu, na wala sikuwa namdanganya. Niliamini.

Mimi ndiye niliyelisimamia banda. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kufumba macho, mama akanitoa kijijini Namtumbo, kwenye tumbaku, akasema nikamsaidie mjomba. Hakunifunga mtu. Hilo ndilo gumu kulieleza. Mjomba alinilisha, baridi ya Juni ilipobisha hodi akaninunulia sweta, mkewe aliniita mwanangu. Mtu wa hivyo utamwambiaje kwamba unakosa pumzi kwake? Basi nikakaa. Dirishani nilipata kipande kidogo cha barabara. Lori likipita, nikishasema "la bluu hilo," limekwishapita.

Na mimi nilikuwa nayataka hayo malori. Yale ya kwenda Tunduru, yanayopita mbele ya nyumba yetu kijijini. Nilikuwa nimeshapanga hata honi nitakayompigia mama, mbili fupi na moja ndefu, ajue ni mwanawe huyo. Nilipomwambia mke wa mjomba alicheka mpaka akakalia ndoo. "Lori! Na huo urefu wako, utaendeshea chini ya usukani?"

Wateja wakiwa shuleni, nilicheza mimi. Mjomba alikuwa amenunua usukani wa plastiki, gesi ya kuongeza mwendo unabonyeza kwa gumba la kulia, breki kwa gumba la kushoto. Nilizoea kona zote. Watoto wakatoka shule, wakanikuta, wakasimama nyuma yangu wakipiga makofi: "Dada huyo! Dada huyo!" Kwenye ile gemu kuna vitu vinang'aa njiani, ukivikanyaga gari linaongeza mwendo. Sikuwa nakiacha hata kimoja.

Mjomba aliniona siku moja. "Mjomba," akasema, maana sisi tunaitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake, "nitakupa kirikuu yangu. Ukinifikisha Ruhuwiko salama, nakupeleka chuo cha udereva, banda nitatafuta mtu mwingine."

Kirikuu ni ile pikapu ndogo aliyobebea mizigo ya watu. Tangu siku hiyo nikawa naosha hata vioo vyake bila kutumwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua limetoka baada ya manyunyu. Aibu ya kwanza niliipata kabla hata ya kuwasha: nilizunguka nikapanda kushoto, nikakaa, nikasubiri usukani. Kwenye gemu usukani uko kushoto na magari yote yanashika kulia.

Mjomba alinitazama kupitia mlango wa pili. "Leo unaniendesha au nakuendesha?"

Tukabadilishana. Klachi ikanitesa, gari likaruka kama mbuzi aliyefungwa mguu, likazima, nikawasha tena. Lakini tulipotoka Msamala mikono ikatulia. Siwezi kuisingizia gemu, hapo ilinisaidia. Nilitazama mbali, sikuutazama mdomo wa gari. Kona nilizipokea mapema, taratibu. Mjomba aliacha kushika dashibodi, akaanza kuimba kidogo puani. Kioo kilikuwa wazi, upepo unaniingia shingoni, na mbele yangu barabara nzima, si kipande. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia mtu atakayekuja kukaa bandani baada yangu.

Tukapanda kilima, tukaanza kuteremka, mbele kuna kona. Barabarani pakawa na majani. Matawi mabichi, fungu moja, mbele kidogo fungu jingine.

Kila mtu wa kwetu anajua maana ya hayo majani. Gari limeharibika mbele, punguza mwendo. Nilijua tangu utotoni, nimeyaona mara nyingi nikiwa abiria. Lakini mikono yangu ilijifunza bandani. Kitu njiani ni zawadi. Niliyafuata yale majani, jamani. Nilipinda kidogo ili nisilikose fungu la kwanza, nikalikanyaga, nikapinda tena, nikalikanyaga la pili, na gesi nimeongeza.

"We! We! Majani!" mjomba akapiga kelele.

Kwenye kona palikuwa na lori la mahindi, limekaa upande, mawe nyuma ya magurudumu, na watu wawili wamelala chini yake. Niliona miguu yao. Nikabana breki kwa nguvu zangu zote, kwa gumba la kushoto. Nikabonyeza usukani mpaka kucha ikauma, na gari linakwenda tu. Mjomba akavuta breki ya mkono. Tukayumba, tukazima, tukasimama karibu na ile miguu kiasi kwamba ningeweza kuzihesabu soli za ndala.

Utingo wa lori alitoka chini, ameshika spana. "Dada, nimekata majani tangu kule juu ili uone. Wewe unayakanyaga kama bibi harusi kwenye zulia!"

"Samahani, kaka."

"Samahani ya nini? Mwambie mama yangu, si mimi."

Mjomba akashuka akawaomba radhi, akawapa mkono mmoja mmoja. Aliporudi alisimama upande wangu.

"Uliyaona?"

"Niliyaona, mjomba."

"Sasa?"

Nikamweleza habari ya vitu vinavyong'aa. Nilidhani atacheka. Alitazama tu matawi yaliyonasa kwenye gurudumu letu.

"Sogea upande ule," akasema. Tulipofika Ruhuwiko, akiwa yeye ndiye anayeendesha, akaongeza kwa upole kabisa, "Mjomba, hayo mambo ya chuo tuyaache. Mama yako nitamwambia nini? Kaa zako bandani, pale huumii wala huumizi mtu."

Angenigombeza ningepata pa kujibia.

Jumatatu nikafungua banda. Niliwaambia watoto, mkiona majani barabarani, pole pole, kuna watu mbele. Mtoto wa muuza mihogo hakugeuza hata shingo. "Dada, mbona kwenye hii gemu hamna majani?" Mama yake alipopita kumchukua, aliniuliza tena kama anaendelea vizuri. Nikamwambia, "Kona anazijua, mama. Watu bado."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, sikurudi moja kwa moja. Nilitembea mpaka kwenye kile kilima. Lori lilikuwa limeshaondoka, na kama wanavyofanya madereva wengi, walikuwa wameacha mawe yao palepale kwenye kona, na majani yamekauka, hayaonekani vizuri. Nilivua viatu vya kanisani nikaviweka ukingoni. Nikakusanya yale matawi makavu, nikayatupa kando. Nikabeba mawe kuyatoa barabarani, moja moja, nikiinua kichwa kusikiliza kama kuna gari linakuja. La mwisho lilikuwa kubwa, halikuinuka. Nikalisukuma kwa mikono miwili, likapinduka, nikalisukuma tena, mpaka likaingia mtaroni.