Alama Iliyohama Mkononi

Saa mbili asubuhi, Viola Nasike anaegemeza baiskeli yake kwenye ghala la mahindi huko Tongaren, kaunti ya Bungoma, kikasha cha chanjo kikiwa begani. Katika siku zilizopita, muuguzi huyu amekwisha kuchanja watoto arobaini na wawili kijijini. Amebakiwa na mmoja, Wamalwa wa miezi tisa, na surua imeshabisha hodi kijiji jirani.

Mama wa mtoto ameajiriwa dukani Kiminini. Neno la mwisho hapa ni la nyanya, Nasimiyu, na nyanya hataki.

"Angalia mkono wangu," anasema, akipandisha mkono wa gauni. Kovu lake ni pana kama sarafu. "Hii ya ndui walinidungadunga mpaka ikatoa usaha. Hiyo yenu ya surua inaacha nini? Si ni maji tu, daktari?"

Nasike, 34, aliyesomea uuguzi Kitale, ameyasikia hayo tangu utotoni. Mama yake alihudumu katika zahanati miaka ya themanini.

"Mama alichemsha sindano za kioo kwa sufuria, moja ikadunga watoto wengi," anasimulia. "Yangu ikidunga mara moja inajifunga. Hata nikitaka kuirudia, inakataa."

Habari za sindano hazimtikisi Nasimiyu. Yeye anataka alama.

Mbele yao mahindi yameanikwa juani. Nasimiyu ametia punje chache na chumvi ndani ya chupa, akatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji.

Nasike anaiona chupa hiyo, naye anatoa kichupa chake cha chanjo.

"Kukhu," anasema, yaani nyanya kwa Kibukusu, "hata sisi tuko na chumvi yetu. Ona huu mraba mweupe ndani ya duara lililokolea rangi. Chanjo ikipigwa na joto, unakuwa mweusi. Ukifanana na duara, natupa."

Nyanya anakichukua, anakiinua juani akichungulia. Nasike anakifunika kwa kiganja.

"Usinianikie, Kukhu. Haya si mahindi."

Nasimiyu anacheka hadi anashika kiuno. "Kwa hivyo siku hizi alama iko kwa chupa, si kwa mtoto."

"Iko kwa chupa."

"Basi shika huyu," anasema nyanya, akimfungua Wamalwa mgongoni.

Kichupa kina dozi kumi. Nasike anakifungua kwa ajili ya mtoto mmoja; tisa zilizobaki zitatupwa leo. Wamalwa analia mara moja, kisha anang'ang'ania kola ya nyanya yake. Watoto arobaini na watatu. Kijiji kizima.

Nasike sasa anapigania jokofu la sola katika zahanati ya karibu, ili chanjo zisisafiri tena kilomita tisa kwa baiskeli. Lakini kwanza, Jumanne ijayo, ataingia kile kijiji chenye surua, na Nasimiyu ameapa kumtangulia.

"Wakimkatalia yeye," anasema nyanya, "watanieleza mimi."