Chawa Usimuponde na Kucha

Siku yangu ya kwanza ya kazi, munganga mukubwa wa hospitali, muzungu mumoja mukali, alinikalisha mbele ya mikroskopi. "Unaona nini?" Nikajibu: chawa. "Chawa kila mutu anamujua. Sema umbo lake." Hivyo ndivyo nilianza uanfirmiye, kazi ya kuuguza wagonjwa, hapa Bukavu, mbele ya uhuru. Ninyi vijana wa diplome, musikilize.

Chawa hana mabawa, haruki. Miguu iko sita, kila mumoja na kucha ya kupinda ya kushika uzi. Sindano zake zinajificha ndani ya kichwa. Akisikia njaa anazitosha inje, anatoboa ngozi, anatema mate damu isigande, anavuta. Ukimunyima damu siku chache, anakufa. Chawa wa mwili anataga mu mushono wa nguo, ku ngozi anakuja kula tu. Mutu akifa anamuhama. Niliwaona kule Luhwindja, ku machimbo, wakitoka ku maiti kama watu wanatoka misa.

Kule nilitumwa sababu homa ya chawa ilikuwa inamaliza wachimba zahabu. Kila asubui munganga alirudilia: "Usimuponde na kucha. Ugonjwa uko mu tumbo na mu mavi yake. Ukimupasua, kisha ukajikuna, umeuingiza." Nami nilifundisha hivyo mupaka sauti ikakauka.

Nguo zote tulichemusha. Triko yangu, sweta ya sufu, sikuichemusha. Niliogopa itarudi ndogo.

Kazi ya kule ilipoisha nikarudi Bukavu, mutaa wa Kadutu, kwenye nilikuwa ninakaa na mama. Alipogeuza mishono ya ile triko, akacheka, akaniita papa vile mama anaita mutoto wake: "Papa, na weye unafuga?" Akaanza kuponda, ukucha kwa ukucha, vile alinifanyia toka utoto. Haya ikanishika. Mimi, mwenye bluzi nyeupe ya hospitali, nilete chawa mu nyumba? Nikasema: "Ni wadudu wa majani tu, maman." Nikatoka inje.

Nyuma ya siku kumi na moja homa ikamuangusha. Nilimupeleka hospitali. Munganga akaniambia kwa Kifaransa: "Muulize kama aliponda chawa. Kama ni ndiyo, ninaanza dawa yake leo. Kama hapana, ni malaria, tunamupa kinini."

Nikamuuliza. Mama akanitazama sana, kisha akajibu kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kwa mutoto wangu hakuna chawa."

Nikatafsiri vile alisema.

Alikufa siku ya sita na kinini mu damu. Mimi nilifanya kazi mupaka pansheni, nikasifiwa sana kwa kufundisha watu. Munganga alikufa bila kujua. Wajukuu wanajua ilikuwa malaria.