Fundi Ngoja

Mdogo wangu ni fundi viatu, na mtaani wanamwita Ngoja. Ukimwambia, "Fundi, niombee," hasemi "nitakuombea" kama sisi wengine tunavyosema huku tumeshageuka kwenda zetu. Anasema "ngoja," anaweka nyundo chini, anavua miwani, anaomba hapo hapo, kiatu cha mtu kikiwa bado mapajani. Mteja mwenye haraka atajiju.

Hakuzaliwa hivyo. Namjua, nimembeba mgongoni.

Mwaka juzi nililazwa wiki sita baada ya kupasuliwa mguu. Alikuwa akija, anasimama mlangoni mwa wodi, harufu ya dawa inamshinda, anaaga: "Dada, nakuombea kila siku." Maneno hayo niliyashikilia. Maumivu yakizidi najiambia, saa hizi mdogo wangu amepiga magoti.

Nikatoka. Jumapili ya kwanza nikaenda kanisani na magongo yangu kutoa ushuhuda. Mimi nikishika kipaza sauti, kukirudisha ni kazi.

"Aliyenitoa kitandani, baada ya Mungu, ni mdogo wangu," nikasema. "Hakuacha kuniombea hata siku moja. Simama wakuone!"

Akasimama. Watu wakapiga makofi. Akabaki anaminya kofia yake mpaka makofi yakaisha.

"Dada, sikukuombea," akasema. "Hata siku moja. Nilikuwa nasema tu. Nisamehe."

Kipaza sauti nikakirudisha mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani nilimtolea uvivu. "Ungenyamaza ungekufa?"

"Ningenyamaza ungenishukuru maisha yako yote, dada. Na mimi ningekuwa naitikia tu."

"Nenda zako!"

Nikamnunia miezi miwili. Hata viatu vyangu nikavipeleka kwa fundi mwingine. Akavishona vibaya, nikavivaa hivyo hivyo kwa ukaidi.

Kisha daktari akaniambia mguu haujaunga sawasawa, lazima upasuliwe tena, na safari hii ni kazi kubwa. Watu wa kanisani wakajaa sebuleni kwangu. "Tunakuombea, mama." "Tuko pamoja kwa maombi." Niliwaitikia amina mmoja mmoja, huku moyoni nawapima: huyu kweli, huyu anasema tu, huyu sijui. Sikuweza kuwatofautisha. Hapo ndipo woga uliponiingia, nikaona kumbe mtu ambaye naweza kulishika neno lake ni mmoja tu, na ndiye niliyemfukuza.

Asubuhi yake nikajikongoja na magongo hadi kibandani kwake. Nikamtupia kiatu.

"Kisigino kimelegea," nikasema. "Na kesho kutwa wananipasua tena. Niombee."

Alinitazama. Nilidhani atanijibu kama zamani, na angenijibu hivyo ningempiga na gongo.

"Ngoja," akasema.

Akaweka nyundo chini, akavua miwani, akashika kiatu changu kwa mikono miwili.

"Bwana, huyu ni dada yangu. Bado amenikasirikia, na ana haki. Mimi naogopa asije akafa hatujapatana. Naomba umponye. Amina."

Basi. Hakuongeza neno. Machozi yalinitoka mbele ya wateja wake wote, wala sikuyafuta.

"Amina," nikasema. "Sasa kisigino hicho kipigilie misumari ya kutosha, umenisikia? Nakuja kukichukua mwenyewe."