Picha Iliyomuua Bukuru

Harufu ya petroli iliyomwagika kidogo kwenye jenereta, ikichanganyika na ya udongo mwekundu uliolowa mvua ya jana, hunirudisha banda la baba. Jirani yangu hapa Kasulu mjini huwasha jenereta lake kila umeme unapokatika, na umeme wetu mnaujua. Wengine hufunga madirisha. Mimi hufungua, nikakaa hapo na kufumba macho, na wanangu hucheka kwamba mama ananusa petroli kama manukato.

 Wakati huo nakuwa nimeshafika Rungwe Mpya, siku ya gulio, saa za mchana, mimi ni mtoto na miguu yangu haigusi chini ninapokaa kwenye benchi.

Banda la video la baba lilikuwa la miti na udongo, bati juu, magunia madirishani. Giza lake lilikuwa la mchana, lenye vitobo vya jua kwenye bati, na vumbi lilipanda polepole ndani ya ile miale. Kwa muda mrefu niliamini kwamba picha hutengenezwa na vumbi lile. Mbele kulikuwa na televisheni moja na deki moja, na kando yake alisimama baba na fimbo yake, akitafsiri.

Niwaambie ukweli, ndugu zangu, baba hakujua lugha ya picha hata moja. Alijua Kiha cha kwao Kitahana, kule Kibondo, na Kiswahili cha kuungaunga, na alijua watu. Basi alitazama midomo inavyokwenda, akatia maneno yake. Hakuna aliyemdai zaidi ya hapo.

Mkanda uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kutisha, wa ndugu wawili waliofanana. Baba akawaita Bukuru na Butoyi, maana kwetu mapacha huitwa hivyo, kulwa Bukuru, doto Butoyi. Wanapotea porini, wanafika kwenye nyumba ya mtu mwovu. Bukuru anaingia kuomba maji. Mlango unafungwa. Unasikika ukelele mmoja, majani yanatikisika, kisha Butoyi anakimbia peke yake hadi barabarani. Basi. Damu huioni hata tone.

Mara ya kwanza watoto tulilia, na kilio cha mtoto kilimshinda baba siku zote. Aliuelekezea fimbo ule mlango uliofungwa, akasema, "Bukuru katokea mlango wa nyuma. Amekwenda Kigoma kutafuta kazi. Atarudi." Tukanyamaza. Tangu hapo picha ikawa ndiyo hiyo, na kila tulipoiona tena tuliutazama ule mlango kwa matumaini, huenda leo akachungulia.

Mama Furaha naye aliutazama. Huyu alikuwa Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, akija gulioni na kibali chake kuuza vitenge, na vikiisha mapema aliingia bandani akakaa benchi la mbele. Nilipenda kukaa ubavuni mwake kwa sababu alinukia sabuni na hakunisukuma. Habari yake hakumficha mtu. Walipokimbia vita, mumewe aliwaambia watangulie, akarudi nyumbani kumchukua mama yake mzee. Furaha alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa msichana wa rika langu, na baba yake hajaonekana. Mmoja alisema yuko Zambia, mwingine alisema amemwona Uvira kwa macho yake. Kwa hiyo Mama Furaha hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Hakuweka kilio, hakuolewa, alingoja.

Picha ikiisha alimuuliza baba, akimwita kwa jina langu, "Baba Anesia, ule Bukuru alirudiaka?"

"Atarudi, mama," baba alijibu.

Naye aliitikia kwa kichwa taratibu, akafunga mzigo wake.

Siku moja kijana aliyekuwa akimletea baba sidii kutoka mjini akaleta picha hiyohiyo iliyotengenezwa upya. Ndugu wawili, sura nyingine, pori lilelile. Banda lilijaa hadi watu wakakalia matofali. Sasa hawa waliotengeneza upya hawakuwa na haya. Bukuru aliingia, mlango ukafungwa, na kamera ikaingia naye.

Sitawasimulia niliyoyaona kabla sijafumba macho. Niseme tu kwamba ukuta ulikuwa mweupe, na haukubaki mweupe.

Baba, mtu aliyeweza kutafsiri hata mbwa akibweka, alinyamaza. Fimbo ilining'inia mkononi. Ulisikika mngurumo wa jenereta tu. Nilipofumbua macho nilimwona Mama Furaha ameipa televisheni kisogo, anamtazama baba.

"Sema, Baba Anesia," mtu akadai kutoka nyuma.

"Bukuru amekufa," baba akasema kwa sauti ndogo.

Mwishoni Butoyi alirudi na watu, wakamtoa ndugu yake, wakamzika mchana kweupe, chini ya jua. Baba akatafsiri, ingawa midomo ya watu wale haikufunguka, "Wamemzika. Sasa wanakwenda nyumbani."

Loo, nje kulichafuka. Vijana walisema hii ndiyo picha, imesimama, ile ya kale ni ya kulazia watoto. Mwalimu wetu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, alisema picha nzuri hukuachia cha kufikiri, hii imetapika kila kitu mezani. Mzee Yoramu mwenye bucha hakujali hadithi. Yeye alikasirishwa na damu. "Hayo ni mawese," alisema. "Nachinja kila gulio, damu haitembei hivyo." Bibi yangu, mzaa baba, ndiye aliyewashinda wote. Alimfuata mwanawe hadi kwenye jenereta, akamwambia kwamba Bukuru alikuwa Kigoma na kazi yake nzuri, na sasa yeye amewaruhusu watu wa mjini wamuue. Wazee wengi walikuwa upande wake. Walidai sidii hiyo irudishwe ilikotoka.

Hapo Mama Furaha akasema, "Mi nataka hii mupya."

Watu walicheka. Mama mzima, tena mtu wa kanisa, anapenda damu.

"Damu sikuiangalia," alisema. "Niliangalia kaburi. Ile ya zamani ni muzuri, lakini kila siku ule mulango unafungwa na mi nabakia inje." Akamgeukia baba. "Na weye unaniambiaka atarudi. Mi nauliza juu ya bwana yangu, baba ya Furaha. Uniambie kama vile ungeambia dada yako. Atarudi?"

 Baba aliitazama fimbo yake, akamtazama bibi, na hakuna aliyemsaidia.

"Sidhani, dada yangu," akasema.

Nilimchukia baba siku ile, tena sana. Kila mtu alikuwa amemwambia yule mama maneno mazuri, na baba yangu mimi ndiye aliyemliza mbele ya gulio zima.

Magulio mawili Mama Furaha hakuonekana. Kisha ikaja habari kwamba ameweka kilio kambini. Baba alibeba mkungu wa ndizi na dumu la mawese, akanishika mkono tukaenda. Mwili haukuwapo, kwa hiyo wazee wa kwao walizika shati la mumewe, la bluu, ambalo Mama Furaha alikimbia nalo na hakuwahi kulifua. Niliona ni uharibifu wa shati. Kwaya iliimba taratibu, moshi wa kuni ulitulia juu ya mabati, na Mama Furaha alilia hadi akalala ameegemea bega la binti yake, mchana, watu wote wakipita. Baba alikataza mtu yeyote asimwamshe.

Ubishi wa picha mbili zile haujaisha hadi leo. Wanangu wakimuuliza babu yao kama Bukuru alikufa, huwaambia yuko Kigoma, ana kazi nzuri.

Lakini mwaka alioumwa baba yao, nilisimama kwenye korido ya hospitali nimezungukwa na watu wanaonipenda. Shemeji alisema atapona. Mchungaji alisema atapona. Wifi zangu walishanunua nguo za kumrudisha nazo nyumbani. Nikamtafuta baba kwa macho, nikamkuta ukutani, amesimama kama alivyokuwa akisimama kando ya televisheni.

"Baba, atapona?"

Alinishika mkono.

"Sidhani, mwanangu."

Nikaingia ndani kumuaga mume wangu akiwa bado ananisikia.