Kumi na Mbili Juu ya Ishirini

Kila mwaka shule yetu ilitoa karatasi moja ya kujisifu, na mimi ndiye niliyekuwa naiandika. Waliiita wasifu wa shule. Upande wa mbele yalikuwapo masomo tunayofundisha, maabara zetu mbili, na namna tunavyochagua wanafunzi kwa mtihani. Upande wa nyuma yalikuwapo matokeo ya matriki, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari. Karatasi hiyo ilikwenda vyuo vikuu na kwa wafadhili, kwa hiyo ilibidi iwe safi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa mgeni wa mkataba wa muhula kwa muhula, na mgeni hasemi hapana. Tena nina mwandiko mzuri. Ni kitu pekee nilichovuka nacho mipaka yote toka Bukavu hadi Durban bila mtu kuniuliza hati.

Ilikuwa shule ya hisabati na sayansi, pale Overport, miaka ile ya mwisho ya tisini. Walimu wa hesabu walikuwa adimu, ndiyo maana walinichukua na Kiingereza changu cha kuokoteza. Mimi nilikaa South Beach, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijafika. Nilisimama ubaoni mchana kutwa, nikateremka mlima wa Berea kwa miguu, kisha nikapanda ngazi. Nilikuwa nimechoka. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mbele huko nitalitumia kama kisingizio.

Nilipewa darasa dogo la wanafunzi saba wa mwaka wa mwisho, wote wa kuhamia, walioingia shuleni wakiwa wamechelewa. Sita walitoka Umlazi na KwaMashu, vitongoji vya pembezoni mwa jiji. Wa saba alikuwa binti wa jirani yangu wa ghorofa ya sita, mama wa Kirundi aliyesuka nywele kwenye saluni ya chini, karibu na robot, kama wanavyoziita kule taa za barabarani. Dirisha lao lilitazama bandari, na yule binti alikuwa amekua akiangalia winchi zinavyonyanyua makontena. Alitaka kuwa injinia wa kuunda hizo winchi. Alilisema bila aibu, kama mtu anayetaja anakwenda sokoni kununua nini.

Sasa, kule kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze. Hisabati ya matriki ilikuwa na madaraja mawili: la juu na la kawaida. Anayetaka uinjinia chuo kikuu sharti afanye la juu. La kawaida, hata upate A ya kung'aa, mlango huo umefungwa. Na aliyefanya la juu akaanguka, aliuchafua upande wa nyuma wa karatasi yangu. Kwa hiyo kila mwaka, kabla fomu za mtihani hazijapelekwa, shule iliwashusha hadi la kawaida wale iliohofia wataanguka. Mstari ulikuwa sitini na tano kwa mia.

Na mimi nina mkono wa birika. Ndivyo nilivyofundishwa. Kwetu alama zinatolewa juu ya ishirini, na ishirini yenyewe hapati mtu. Ukipata kumi, umefaulu. Ukipata kumi na mbili, baba yako anawaambia majirani. Ukipata kumi na nne, unaitwa ofisini uulizwe ulimwibia nani. Mwalimu aliyenifundisha hesabu sikumbuki kama aliwahi kutoa kumi na tano, na hadi leo tunamheshimu. Kwa hiyo na mimi nilikata pointi kwa mstari usiopigwa kwa rula, nikakata kwa jibu lisilo na sentensi ya kuhitimisha, nikakata kwa hatua iliyorukwa hata kama mbuzi angeielewa. Niliona huko ndiko kumheshimu mtoto.

Katika jaribio kubwa la mwanzo wa mwaka, yule binti alipata kumi na mbili juu ya ishirini. Ilikuwa alama ya juu kabisa darasani. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Vizuri", neno ambalo silitoi ovyo. Jioni ile nilikutana na mama yake kwenye ngazi akiwa na makopo ya maji, akayatua, akanipa mkono kwa mikono miwili. Walikuwa wameibandika ile karatasi ukutani.

Kumi na mbili juu ya ishirini ni sitini kwa mia. Mtu anayefundisha hesabu hahitaji kuambiwa.

Naibu mkuu wa shule alituita kikao, mwanamke wa makamo, mkavu lakini si mtu mbaya. Akasoma majina ya watakaoshushwa. Darasa langu lilikuwamo lote, saba kwa saba. Hakuna aliyeshtuka, kwani walishalihesabu kuwa darasa la wavivu. Mimi nilishtuka, maana alama za darasa la jirani nilizinakili mwenyewe. Walikuwa na themanini, themanini na tano, kwa mwalimu asiyekata pointi kama mimi, watoto ambao yule binti angeweza kuwafundisha. Nikainua mkono. Nikasema labda darasa langu lina wawili watatu wa kufikiriwa tena.

Naibu akageuza karatasi, akanitazama juu ya miwani. "Hizi alama ni zako, mwalimu. Ni sahihi au si sahihi?"

Niliwaza haraka. Nikisema si sahihi, basi mimi ni mwalimu asiyejua kusahihisha, na mkataba wangu ulibakiza wiki tatu. Nikisema ni sahihi, nitakuwa nimesema kweli, kwa sababu kila pointi niliyokata ningeweza kuitetea mbele ya jopo.

"Ni sahihi," nikasema.

Akanishukuru kwa kutowapandishia watoto alama kama wengine wanavyofanya. Nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao, maana na hizo ziliniangukia mimi.

Barua zikapelekwa kwa wazazi ili watie sahihi. Mama wa Kirundi hakusoma Kiingereza, kwa hiyo alishuka nayo hadi mlangoni kwangu, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. "Mwalimu, wanasema nini hapa?" Nilikuwa nimetoka kuvua viatu. Nikamwambia wanambadilishia binti karatasi ya mtihani, apate pointi nzuri zaidi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ningekuwa na haya kidogo ningemwambia akae, nimweleze vizuri. Nilimpa kalamu, akatia sahihi akiegemea ukuta wangu, akaniombea baraka, akapanda.

Wale sita wengine nawafikiria pia, na ukweli unauma zaidi kwao. Hawakujua kwamba kumi na moja yangu ni nyingi. Waliziamini alama zangu kama zilivyo, wakajiona wajinga. Mmoja aliacha kabisa kuuliza maswali. Nilimwona akinyamaza wiki baada ya wiki, na sikufanya kitu. Sijui walikwenda wapi.

Matokeo yalitoka kwenye gazeti mwezi wa kwanza. Yule binti alikuwa na A ya hisabati. Ghorofa zote sita zilijua kabla ya saa nne asubuhi, na mama yake alifunga saluni siku hiyo. Shuleni nako walifurahi. Naibu akaniagiza nimuweke kwenye wasifu mpya, kwenye orodha ya waliopata A, na akasema si lazima kutaja daraja, nafasi ni ndogo. Nikamuweka kwa mwandiko wangu mzuri.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, waliniita juu. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na barua ya chuo kikuu mapajani. Binti alisimama dirishani. Ile karatasi ya kumi na mbili ilikuwa bado ukutani, juu ya jiko la umeme, imeingia mafuta kidogo.

"Mwalimu, iko A," mama alisema. "Tuliiona wote kwenye gazeti. Sasa wanasema haiingii kwa mainjinia. A gani hiyo haiingii?"

Nikawaeleza. Safari hii nilieleza yote: madaraja mawili, mstari wa sitini na tano, mkono wangu mzito, darasa la jirani. Nilieleza polepole, ubaoni sijawahi kueleza vizuri hivyo. Mama akamgeukia binti yake.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua kumi na mbili ni nyingi," binti alisema. "Mwalimu huwa hatoi. Nilidhani na wakubwa wa shule wanajua."

Mama akaikunja barua ya chuo. Kisha akanigeukia mimi, bila kupandisha sauti.

"Na wewe ulijua kwamba wao hawajui?"

"Nilijua."

"Na barua nilikuletea."

"Uliniletea, Mama."

"Kwa nini hukusema?"

Nikasema nilikuwa nimechoka. Kweli nilikuwa nimechoka. Niliogopa pia kupoteza kazi, lakini hilo sikulitaja, na nadhani hawakuhitaji kulisikia. Mama, aliyekuwa akisimama kila siku mchana kutwa akisuka vichwa vya watu, aliitazama miguu yangu, akaitazama na yake.

Binti akaenda kwenye jiko, akaibandua karatasi ukutani taratibu ili pembe zisichanike. Akaiweka mezani mbele yangu na kalamu ya bluu juu yake.

"Sahihisha tena," alisema. "Kama walimu wengine."

Nilitaka kumwambia haina maana sasa, fomu zilikwenda, mtihani umekwisha. Sikuwa na uso wa kusema hivyo. Nikavuta kiti. Nikamrudishia pointi ya mstari usiopigwa kwa rula. Nikamrudishia za sentensi za kuhitimisha. Nikamrudishia za hatua alizoruka, moja moja, na kila niliporudisha niliiona akili yake ikikimbia mbele ya mkono wake, jambo ambalo mara ya kwanza nilimkatia alama. Kosa la kweli lilikuwa moja tu, ishara ya kutoa iliyopotea ukurasa wa tatu. Nikajumlisha mara mbili, kisha nikaandika chini ya namba nyekundu: kumi na tisa.

Mama akaja akasimama nyuma yangu. Namba alizijua. Akaweka kidole juu yake.

"Hii ni ya binti yangu?"

"Ni yake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, Mama."